Filamu ya mpira, na mechi inayosikika nyuma ya ukuta

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Sisi ni vijana wanane wa Morogoro, tunatengeneza filamu fupi ya dakika 15. Inamhusu straika wa zamani aliyeuza mechi ya fainali, akakimbia mji, akamwacha mke na binti mdogo. Miaka 12 baadaye anarudi, anaingia dakika za mwisho kwenye fainali ya ndondo, anafunga, mji mzima unamsamehe. Tuliitazama ile filamu ya Kiingereza ya mtu wa posta na Cantona, yule nyota wa zamani wa Manchester United, ikatutoa machozi, na ladha ile ndiyo tunayoitaka. Tumeshashuti mechi kwa kamera moja tukiwa juu ya ukuta, wachezaji 22, siku nzima. Tulipoitazama tukacheka wenyewe: inaonekana kama chandimu, na mpira unarukaruka kana kwamba picha inakatika. Skripti ina kurasa 14, mechi peke yake ni kurasa 8. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu zangu, mmekosea mara mbili, na kosa la kamera ndilo dogo. Kubwa liko kwenye skripti. Mmemtwisha mpira kazi ya kumsamehe mtu. Aliyeuza mechi akija kufunga goli, kinachosahihishwa ni ubao wa matokeo. Walioumia siku ile bado wameumia, na mtazamaji analijua hilo hata kama hawezi kulieleza. Ndiyo maana goli lenu la dakika ya 90 haliwezi kumliza mtu, hata mngepewa uwanja wa taifa na kamera kumi.

Itazameni tena filamu mliyoitaja mkiwa na daftari. Looking for Eric ilitoka mwaka 2009, mwongozaji ni Ken Loach, mwandishi Paul Laverty. Andikeni kila mahali mpira unapochezwa. Mtakuta mechi zilizomo ni vipande vya zamani vya televisheni, Cantona akiwa na jezi ya Manchester United. Kilichobaki ni jikoni, baa, kituo cha kupangia barua, basi la mashabiki. Eric Bishop, huyo mpeleka barua anayeigizwa na Steve Evets, hafungi goli linaloamua chochote. Ni shabiki. Mpira umo kichwani mwake, mdomoni mwa rafiki zake, na kwenye bango la ukutani chumbani.

Sasa angalieni deni lake limewekwaje. Ujana wake alimwacha mkewe Lily na mtoto mchanga. Mtoto huyo, Sam, sasa ni mtu mzima na ana kichanga chake, na anahitaji wazazi wake wapokezane kumlea ili amalize masomo. Kwa hiyo Eric lazima akutane na Lily mkono kwa mkono, mara kwa mara, akikabidhiwa mjukuu. Filamu inaanza akiwa amemwona kwa mbali, akashindwa kumkabili, akaondoka na gari na kuzunguka kipilefti upande usio wake mpaka akagongwa. Hakuna hotuba juu ya majuto. Kuna mtu anayeogopa kuvuka barabara kwenda kumsalimia mwanamke. Laverty amechukua jambo kubwa, miaka mingi ya aibu, akalifanya kitendo cha hatua ishirini, na kitendo cha hatua ishirini kamera inaweza kukishika.

Sehemu ninayowaomba muirudie mara tatu ni ile Eric anapomuuliza Cantona, anayejiigiza mwenyewe na kumtokea Eric kama njozi, wakati wake mtamu kuliko yote uwanjani. Eric anataja magoli, moja baada ya jingine. Cantona anakataa yote: ilikuwa pasi. Ni ile aliyompa Denis Irwin dhidi ya Tottenham mwaka 1993, mpira ulioinuliwa kidogo juu ya walinzi ukamkuta beki wa pembeni anakimbia, naye akafunga. Eric anauliza, je, angekosa? Cantona anamjibu kwamba wenzako huna budi kuwaamini. Hapo ndipo filamu nzima inapogeuka, maana tatizo la Eric tangu mwanzo ni kuficha kila kitu peke yake. Kijana wake wa kambo, Ryan, analazimishwa na jambazi kuficha bastola ndani ya nyumba, na Eric hajamwambia mtu. Baada ya hadithi ya pasi anawaambia wenzake wa posta, na wao ndio wanaojaza mabasi wakiwa wamevaa vinyago vya sura ya Cantona kwenda kumkomesha jambazi kwake. Mnaona mpira ulivyotumika? Kanuni ya uwanjani imehamishiwa sebuleni. Hayo ndiyo matumizi yake bora katika filamu ya namna hii.

Kuna watakaowaambia kwamba filamu nyingine za Kiingereza zinamaliza kwa goli, na ni kweli. When Saturday Comes ya mwaka 1996 ina Sean Bean, mfanyakazi wa kiwanda cha bia mjini Sheffield, anayepanda mpaka Sheffield United. Sehemu zake za nyumbani, baba mlevi wa kamari na kazi ya kiwandani, zina nguvu. Uwanjani inalegea, na mojawapo ya sababu ni umri: Bean alizaliwa 1959, na anacheza kijana anayeanza soka la kulipwa. Mean Machine ya 2001 imejikinga vizuri zaidi. Vinnie Jones, aliyekuwa mchezaji kweli na alitwaa Kombe la FA na Wimbledon mwaka 1988, anaigiza nahodha wa zamani wa England aliyeharibu jina kwa kuuza mechi dhidi ya Ujerumani. Akiwa gerezani anaongoza wafungwa kucheza na maaskari, na anashinikizwa apoteze tena. Kosa lilifanyika uwanjani, kwa hiyo uwanja una haki ya kulilipiza: mtu yuleyule, kishawishi kilekile, jibu tofauti. Hadithi yenu iko karibu na hii kuliko ya mtu wa posta, ila mmesahau kumpa kishawishi cha pili. Anarudi, anacheza, anafunga, na hakuna alichokipoteza njiani.

Pendekezo langu ni hili. Ondoeni mke. Dakika 15 hazibebi mke, binti, mji na fainali kwa pamoja, na msipochagua mtazamaji atawachagulia kwa kuchoka. Kisha jiulizeni: siku mechi ilipouzwa, nani alilaumiwa? Mchezaji akiuza mechi, mara nyingi mzigo humwangukia kipa. Basi muwe na kipa. Watu walimwita msaliti miaka 12 kwa goli ambalo hakuwa na njia ya kulizuia, akaacha mpira, sasa ni fundi viatu mwenye kibanda nyuma ya ukuta wa uwanja uleule. Deni limepata jina na anwani. Shujaa wenu anarudi, anasajiliwa kwa fainali kwa sababu bado ana mguu, na anakuta njumu zake zimeachia soli. Fundi ni mmoja tu pale.

Akisema ukweli kabla ya fainali, anaondolewa kikosini. Akinyamaza, anacheza. Hiyo ndiyo gharama, na iwe kabla ya mechi. Aseme mbele ya wachezaji, kwa maneno yasiyozidi ishirini. Waigizaji wasiozoea wakipewa hotuba ya kuungama huanza kulia mstari wa pili, na mtazamaji huacha kulia palepale. Kisha fainali ichezwe huku yeye amekaa kibandani kwa fundi, upande wa pili wa ukuta, wote wawili wakisikiliza.

Hapo mmepata mechi yenu bila kuonyesha uwanja. Njia hii si ya watu wasio na pesa tu. Katika The Damned United ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Tom Hooper, kuna mechi kubwa ya Derby dhidi ya Leeds. Brian Clough, kocha wa Derby, anayeigizwa na Michael Sheen, hawezi kuitazama. Anabaki chumbani chini ya jukwaa akisikia kelele zinavyopanda na kushuka, huku vivuli vya watu vikipita kwenye kioo cha ukungu. Uso mmoja, dirisha moja, sauti. Ni moja ya mechi zenye presha kubwa nilizoziona kwenye sinema, na hatuoni mguu ukigusa mpira.

Kwa hiyo pesa na muda wenu viende kwenye sauti. Tafuteni watu 25 hadi 30 na maikrofoni moja nzuri, uwanjani jioni upepo ukiwa umetulia. Rekodini minong'ono ya kawaida dakika tatu mfululizo, mshangao wa shuti lililokosa, hasira kwa mwamuzi, goli, na mwishowe kimya, watu wakiwepo lakini wamenyamaza. Kimya cha watu 30 hakifanani kabisa na kimya cha uwanja mtupu. Kila aina rudieni mara tatu: maikrofoni mita mbili kutoka kwao, halafu mita kumi, halafu ikiwa nyuma ya ukuta halisi. Mkizipanga moja juu ya nyingine mtapata umati wa watu kama 90. Kinachoharibu hapa ni mtu mwenye sauti ya kipekee. Mmoja akipiga mluzi au akiita jina, atasikika mara tatu kwenye tabaka zote na masikio yatagundua haraka. Mtoeni pembeni, mumrekodi peke yake, mumtumie mara moja tu.

Goli lenyewe lina umbo. Halianzi kwa mlipuko. Kuna nusu sekunde ambayo watu wanavuta pumzi, kelele zinapungua, ndipo zinapasuka. Wahariri wengi wanaoanza hubandika mlipuko moja kwa moja, na inasikika kama mtu amefungua redio. Mkilipa goli nusu sekunde yake, mtazamaji ataizuia pumzi yake pamoja nao.

Fundi awe ndiye anayesoma mechi kwa masikio. Alikuwa kipa, anajua. Kelele zikikatika ghafla aseme "kona" bila kuinua uso kutoka kwenye sindano yake. Shujaa asimjibu. Na zikilipuka mwishoni, wote wawili wasijue ni goli la nani.

Mtangazaji wa redio mnaruhusiwa, kwa kiasi. Mwandikieni wenyewe maneno ya sekunde 40, timu za kubuni, asomwe na mtu anayetangaza kweli mechi za mchangani, kwa kuwa mwigizaji atatamka kila neno kwa usafi mno. Vipande vya Ligi Kuu ya Uingereza msiviguse, hata sekunde tatu kwenye televisheni iliyo nyuma ya mtu. Haki zake zina wenyewe na ni ghali, na filamu yenu itashushwa mtandaoni au kukataliwa kwenye matamasha. Vivyo hivyo kwa nyimbo za mashabiki zilizotungwa na msanii. Kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikieni mapema, pamoja na barua ya mwenye uwanja na serikali ya mtaa.

Najua bado mtataka kuonyesha mpira kidogo, angalau ile mechi iliyouzwa miaka 12 nyuma. Sawa, lakini isizidi sekunde 30, na msirudi juu ya ukuta. Pale ndipo televisheni inapoweka kamera zake, na macho ya mtazamaji yamefundishwa kila wikendi, nyumbani na kwenye vibanda umiza, jinsi mechi inavyopaswa kuonekana kutoka juu: mistari ya mabeki, nafasi, kasi. Mkimpa pembe ileile anawalinganisha na Ligi Kuu, na kila beki aliyesimama vibaya anaonekana. Shukeni. Kamera iwe usawa wa goti, nje ya mstari wa pembeni, lenzi ivutwe mpaka milimita 200, mchezaji akiwa mita 20 mbele. Kwa kamera yenye sensa kubwa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, fremu hapo inashika upana wa mita tatu na nusu hivi. Mita 40 kutoka kwenu, nyuma yake, upana ni kama mita saba tu, kwa hiyo watu 20 waliobanana safu tatu wanaujaza. Huo ndio umati wenu. Wahamisheni kadiri kamera inavyogeuka, wakibadilishana kofia na mashati.

Wachezaji 22 hamuwahitaji. Watano wanatosha: mwenye mpira, anayepokea, beki, kipa, na mmoja wa kukatiza mbele ya lenzi ili picha iwe na uhai. Tendo moja lisizidi migongeo mitatu na sekunde nne. Wekeni vizibo vya soda chini kuonyesha kila mtu anapoanzia na anapoishia, watembee mara mbili, wakimbie polepole mara mbili, ndipo kasi kamili. Baada ya mara tano za kasi kamili wapumzisheni dakika kumi na maji. Miguu ikichoka rafu ya kuigiza inageuka ya kweli, na mtu akivunjika kifundo cha mguu filamu imekwisha.

Makipa nao wana tabia ya kuruka kabla mpira haujapigwa kwa sababu wanajua unakokwenda. Gaweni picha: kwanza mguu unapiga, halafu uso wa kipa, halafu wavu. Ile ya wavu hakuna haja ya kupiga. Mtu asimame kando ya kamera aurushe mpira kwa mikono, kila mara utapiga palepale. Kwa hadithi yenu uso wa kipa ndio picha muhimu kuliko zote, maana sekunde ile ndiyo iliyomfanya fundi viatu. Ipeni nusu ya asubuhi.

Kuhusu mpira unaorukaruka: mlishuti mchana wa jua kali na mkaiachia kamera ijipangie. Ili kupunguza mwanga ikafupisha muda wa shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, pengine hadi 1/1000 ya sekunde au mfupi zaidi, kila fremu ikatoka kali bila ule ukungu mdogo wa mwendo, na macho yakaona mpira unahama kwa vituo. Fungeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Hesabu hiyo pia inaelewana na umeme wetu wa mizunguko 50, kwa hiyo taa za ndani hazitapepesa. Lakini kwa shata hiyo juani, hata mkishusha wepesi wa kamera kuhisi mwanga hadi ISO 100, mtalazimika kufunga tundu la lenzi hadi liwe dogo sana, f/22, na kila kitu nyuma kitaonekana wazi, pamoja na pikipiki na mama anayepita na ndoo. Dawa ni kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, ND32, kitakachowarudisha kwenye tundu pana la f/4. Kama hakipatikani, shutini saa moja hadi saa tatu asubuhi au saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Hata mkiwa nacho, mchana wa saa sita uepukeni: vivuli vinaingia machoni, nyuso zinakuwa mashimo.

La mwisho ni waigizaji. Loach ana kawaida ya kushuti kwa mpangilio wa hadithi na kuwapa waigizaji kurasa kidogokidogo. Evets hakuambiwa kwamba Cantona mwenyewe yumo, kwa hiyo mshangao wake anapomwona chumbani si wa kuigiza. Nyinyi mna siku chache na watu wasiozoea kamera, na mpangilio huo utawasaidia kuliko kifaa chochote, kwani mtu ambaye hajafika mwisho wa hadithi hawezi kuuonyesha usoni mapema. Mnachoficha kiwe habari tu. Hatari msifiche: rafu, kofi, kisu cha fundi, vyote vijulikane na vifanyiwe mazoezi.

Kwa siku nne ningepanga hivi. Siku ya kwanza asubuhi mechi ya zamani, jioni kurekodi umati. Ya pili, kurudi mjini na njumu kupelekwa kwa fundi. Ya tatu, kuungama kikosini. Ya nne, kibandani, alasiri nzima, zile sauti mlizorekodi zikipigwa kwa spika nyuma ya ukuta ili waigizaji wazisikie kweli, na kimoja tu kifichwe: fundi pekee ndiye aambiwe kama atampa mwenzake zile njumu zilizoshonwa au atazirudisha chini ya meza. Spika muizime kabla ya maneno yoyote, vinginevyo kelele zitaingia kwenye maikrofoni na hamtaweza kuzitoa.